Nani mchawi baada ya kubadilisha prosesa? Tathmini ya Memtest86+, Prime95, CoreCycler na OCCT

Kompyuta iliyofanya kazi kwa miaka bila malalamiko, ikibadilishiwa prosesa kisha ikaanza kujizima, kuganda au kuonyesha skrini ya buluu, humfanya mwenyewe amtafute mchawi mahali pa karibu kuliko pote, yaani kwenye prosesa mpya. Mara nyingi prosesa husingiziwa. Siku ya kuifunga hakibadiliki kitu kimoja tu: BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) husasishwa ili iitambue, mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani, RAM huanza kuendeshwa kwa kasi ambayo prosesa ya zamani haikuwahi kuimudu, hitisinki (kipoza joto cha prosesa) hung'olewa na kupachikwa upya, na nyaya za umeme huguswa. Kwa hiyo programu ya kupimia inayostahili sifa katika hali hii ni ile inayopunguza idadi ya watuhumiwa, wala si ile inayoitesa mashine kuliko nyingine. Kwa kigezo hicho nimezipima programu nne ambazo hazikosi kutajwa kila tatizo hili linapozungumzwa.

Mashine yenyewe ina ubao mama wa soketi ya AM4, soketi iliyoanza kutumika mwaka 2016 na ambayo kampuni ya AMD iliendelea kuitolea prosesa mpya kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wengi wameweza kuruka vizazi viwili au vitatu bila kununua ubao mwingine. Ilitoka Ryzen 5 2600 yenye viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), ikaingia Ryzen 7 5700X yenye viini 8. Zote mbili zimepangiwa wati 65, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kubadilisha hitisinki wala pawa saplai. RAM ni vipande vinne vya DDR4 vilivyoandikwa kasi ya 3600. Dalili zilikuwa mbili. Ya kwanza, kompyuta ilikuwa ikizimika na kuwaka yenyewe bila onyo. Ya pili ndiyo iliyonipa mashaka zaidi: mafaili makubwa ya zip yalikataa kufunguka kwa madai kwamba yameharibika, na faili lilelile lilipojaribiwa tena baada ya kuwasha upya lilifunguka bila shida. Faili lililoharibika kwenye diski haliponi lenyewe. Likisomeka vibaya leo na vizuri baadaye, kosa limetokea njiani, kati ya diski na prosesa.

Kabla ya kupakua chochote inafaa kufungua Event Viewer iliyomo ndani ya Windows yenyewe, kwa kuwa iko tayari na wakati mwingine humaliza kesi hapohapo. Wengi hukutana na tukio la Kernel-Power namba 41 wakalichukulia kuwa ushahidi wa ubovu wa pawa saplai, ilhali maana yake ni moja tu, kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Tukio lenye thamani ni la WHEA-Logger, kinasa hitilafu za vifaa cha Windows. Namba 18 ni hitilafu ya vifaa iliyoiangusha mashine, na ndani ya maelezo yake mna mstari wa APIC ID (namba ya sehemu ya prosesa iliyokosea) ambao nitaurudia baadaye. Namba 19 ni hitilafu iliyorekebishwa kimyakimya, na ikijirudia mara kwa mara kwenye mashine ya AMD huashiria mara nyingi kwamba njia ya ndani inayounganisha viini na RAM imesukumwa kupita uwezo wake. Kwenye mashine hii hapakuwa na WHEA hata moja, ila 41 zilizorundikana. Ukimya huo nao ulikuwa taarifa, kwa sababu RAM ya kawaida ya nyumbani haina njia ya kujikagua na kushtaki inapokosea; hukosea tu, na programu yoyote iliyobahatika kuishika data hiyo ndiyo inayoanguka.

Hapo ndipo Memtest86+ inapoonyesha thamani yake. Ni programu huria, haina malipo, na huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila Windows kuwepo, jambo linalowaondoa watuhumiwa wengi kwa mpigo: draiva, virusi, diski, kadi ya michoro na mfumo endeshi wenyewe. Toleo la 6 lililotoka mwaka 2022 liliandikwa upya na kuiwezesha kufanya kazi kwenye mashine mpya za UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani), baada ya miaka mingi ya matoleo ya zamani kugoma kwenye mashine hizo. Isichanganywe na MemTest86 isiyo na alama ya kujumlisha, ambayo sasa ni mali ya kampuni ya PassMark. Hizo mbili zina asili moja, lakini toleo la bure la PassMark huishia kwenye mizunguko minne, wakati Memtest86+ huendelea mpaka utakapoisimamisha mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini kipimo cha RAM kiwe cha kwanza wakati kilichobadilishwa ni prosesa, ni lazima kukumbuka kwamba kidhibiti cha RAM hakimo tena kwenye ubao mama. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Anayebadilisha prosesa amebadilisha pia msimamizi wa RAM, na vipande vilivyokaa kwa amani chini ya msimamizi wa zamani havina dhamana ya kuelewana na huyu mpya. Isitoshe, namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha RAM, ile inayowashwa kwa mpangilio wa XMP, ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM peke yake. Mtengenezaji wa prosesa ana namba zake. Kwa 5700X, AMD hutaja 3200 pale panapokuwa na vipande viwili. Vikiwa vinne, kiwango hushuka hadi 2933 kwa vipande vya safu moja ya chipu (rank) na 2667 kwa vile vya safu mbili. Mwenye vipande vinne akiwasha XMP ya 3600 ameshatoka nje ya mipaka hiyo kwa hatua kubwa, hata kama skrini ya BIOS inamwonyesha neno hilo kama kitu cha kawaida kabisa.

Kwa kasi ya 3600, Memtest86+ haikuhitaji subira. Mistari myekundu ilianza kushuka kwenye skrini, kila mmoja ukiwa na anwani ya mahali palipokosea, thamani iliyotarajiwa na, pembeni yake, thamani iliyopatikana. Palipotarajiwa F tupu, kulikuwa na F zote isipokuwa herufi moja tu iliyogeuka kuwa D, maana yake biti moja ilipotea kati ya kuandikwa na kusomwa. Biti moja ya namna hiyo inatosha kabisa kuliharibu faili la zip. Kilichonivutia zaidi ni kwamba anwani hazikukaa mahali pamoja, zilitawanyika kote. Kipande kibovu kwa kawaida hukosea palepale kila mzunguko, wakati makosa yaliyotawanyika huelekeza kwenye kasi, volti au kidhibiti. Nilipobakiza vipande viwili tu kwa kasi ileile ya 3600, kipimo kilipita. Nilipovitoa na kuweka viwili vingine, navyo vikapita. Nilipovirudisha vyote vinne na kushusha kasi hadi 3200, mashine ilipima usiku kucha bila kosa hata moja, na mafaili ya zip hayakulalamika tena. 3200 bado iko juu ya kiwango cha AMD kwa vipande vinne, nami nisingemlaumu mtu atakayeshuka zaidi kwa ajili ya usalama. Hasara ya kasi katika matumizi ya kawaida ya nyumbani ni ndogo mno kulinganisha na hasara ya kuhifadhi picha za familia zilizopoteza biti.

Programu hii ina upungufu wake. Kwanza, ubao mama ambao umewashwa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa kuiwasha kompyuta) unaweza kuikataa, na mtu akiizima Secure Boot huku diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, Windows inaweza kumdai ufunguo wa kurejesha. Asiye na ufunguo huo asiguse mpangilio huo kwanza. Pili, hupima RAM ikiwa katika mazingira ya utulivu, kadi ya michoro ikiwa haina kazi na kasha zima likiwa na ubaridi. Kuna makosa ambayo hujitokeza tu baada ya kadi hiyo kulipasha joto kasha wakati wa mchezo mrefu. Kwa hiyo ikisema kuna kosa, iamini bila kusita. Ikisema hakuna, iamini kwa kiasi. Windows nayo ina kipimo chake cha RAM, lakini mashine hii ilipewa hati safi na kipimo hicho ikiwa katika 3600 ileile, na sina la kuongeza juu yake.

Prime95 ina heshima ya namna nyingine. Haikuundwa kwa ajili ya kupima kompyuta. George Woltman aliianzisha mwaka 1996 kwa ajili ya mradi wa GIMPS unaotafuta namba tasa za Mersenne, na kipimo cha mateso kilichomo ndani yake kipo kwa sababu hesabu inayochukua wiki nzima haina maana kwenye mashine inayokosea mara moja kwa siku. Ubora wake unatokana na asili hiyo: inajua jibu sahihi, kwa hiyo huona kosa hata pale kompyuta isipoanguka. Ujumbe wake maarufu, kwamba makadirio yamefikia 0.5 wakati yalipaswa kuwa chini ya 0.4, umewaumbua wengi waliodhani mashine zao ni imara. Mwanzoni mwa mwaka 2016 programu hiyo ndiyo iliyofichua kasoro ya kweli katika prosesa za Intel za Skylake, ambazo ziliganda katika hesabu fulani mpaka Intel ilipotoa marekebisho kupitia BIOS. Si programu ya kubezwa.

Hata hivyo, kwa kazi tunayoizungumzia hapa, Prime95 husifiwa kupita kiasi, hasa kwa namna inavyotumiwa na wengi. Nilirudisha RAM kwenye 3600 nikawasha kipimo cha mchanganyiko kinachogusa prosesa na RAM kwa pamoja. Kosa lilionekana baada ya kusubiri kwa muda mrefu, lakini ujumbe haukusema kama aliyekosea ni kiini au RAM. Ulitaja hitilafu ya vifaa na kusimamisha kazi mojawapo. Mtu asiyekuwa na ushahidi mwingine angeipeleka prosesa dukani. Kisha nikatengeneza kosa la pili kwa makusudi, safari hii RAM ikiwa imetulia katika 3200: niliingia kwenye Curve Optimizer, mpangilio unaopunguza volti ya kila kiini, nikaishusha hadi -30 kwa viini vyote. AMD hukadiria kila hatua moja kuwa takriban milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo punguzo hilo si dogo, lakini ndilo linalopendekezwa kwa wepesi na watu wanaotaka joto lipungue. Prime95 iliendeshwa kwenye viini vyote kwa hesabu ndogo zinazochemsha prosesa, ikapita usiku mzima bila kosa. Asubuhi, kompyuta ikajizima wakati kivinjari tu kikiwa wazi.

Sababu yake inaeleweka. Viini vyote vikifanya kazi nzito kwa pamoja, prosesa hubanwa na kikomo cha umeme na kushusha kasi, hivyo hakuna kiini kinachofika karibu na gigahezi 4.6 ambazo 5700X inaweza kuzifikia. Kasi hiyo ya juu huonekana pale kiini kimoja kinapopewa kazi fupi wakati vingine vimelala: kufungua ukurasa, kuanzisha programu, kuamka kutoka usingizini. Hapo ndipo volti iliyopunguzwa kupita kiasi hushindwa. Mtu anayeipima prosesa ya kisasa kwa kuichemsha tu ni sawa na anayempima mkimbiaji wa mita 100 kwa kumbebesha gunia la mahindi. Atajua ana nguvu kiasi gani, hatajua kama msuli utachanika akichomoka.

CoreCycler iliandikwa kwa ajili ya pengo hilohilo. Kimsingi ni hati ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) inayoichukua Prime95 na kuielekeza kwenye kiini kimoja kwa dakika kadhaa, kisha kinachofuata, mpaka vyote viishe, halafu inaanza upya. Kwa kawaida huchagua aina nyepesi ya maagizo ya hesabu ili kiini kisichemke bali kifike kwenye kasi yake ya juu kabisa. Kwa -30 ileile iliyopita kwenye Prime95, haikuchukua muda kutangaza kwamba kiini namba 2 kimekosea, na ikaendelea na vingine. Vingi havikuwa na tatizo lolote. Baadaye kompyuta ilipojizima tena, nilifungua Event Viewer na safari hii WHEA namba 18 ilikuwepo, ikitaja APIC ID namba 4. Kwenye prosesa hii kila kiini kina nyuzi mbili (mikondo miwili ya kazi), kila uzi una APIC ID yake, na namba huanzia sifuri, kwa hiyo 4 ikigawanywa kwa 2 inaturudisha kwenye kiini kilekile. Programu na logi zikikubaliana namna hiyo, kesi imekwisha: nilikipunguzia punguzo kiini hicho peke yake, na vingine vikabaki vilivyo. Kati ya hizi nne, hakuna nyingine iliyonipa jina la mtuhumiwa kwa usahihi wa kiwango hicho.

Inasikitisha kwamba imefungwa ndani ya sura isiyovutia. Haina dirisha lenye vitufe. Mipangilio yote imo kwenye faili la maandishi, na matokeo hushuka kwenye skrini nyeusi ambayo humtisha mtu asiyezoea. Inafanya kazi kwenye Windows tu. Inahitaji pia saa nyingi, kwa sababu kupita mara moja kwenye viini 8 hakuthibitishi kitu. Kwa mtu ambaye hajagusa Curve Optimizer na hana WHEA kwenye logi, ningemshauri aiache mpaka Memtest86+ itakapokuwa imepita.

OCCT ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote: grafu za joto na volti, hesabu ya makosa, na vipimo vya prosesa, RAM, kadi ya michoro na pawa saplai chini ya paa moja. Ningempa mtu anayeanza, kwa sharti kwamba asichukulie urahisi huo kuwa uhakika. Toleo la bure lina kikomo cha muda kwa kila kipimo, kikomo ambacho hakitoshi kwa makosa yanayojitokeza usiku wa manane, na kipimo chake cha RAM huendeshwa ndani ya Windows, kwa hiyo hakiwezi kugusa sehemu ambayo Windows yenyewe imeikalia. Kitu ambacho wengine hawana ni kipimo cha umeme kinachobebesha prosesa na kadi ya michoro kwa wakati mmoja. Kama kompyuta huzima papo hapo kipimo hicho kinapoanza, na haizimi kila kimoja kikipimwa peke yake, pawa saplai ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kwa pawa saplai ya zamani au isiyojulikana asili yake, kipimo hicho kifanywe mtu akiwa karibu.

Kuna mambo ambayo hakuna programu itakayoyaona. Prosesa mpya ya AMD ikiwashwa kwa mara ya kwanza, skrini nyeusi huweza kuuliza kama fTPM (hifadhi ya funguo za siri iliyomo ndani ya prosesa) ifutwe, kwa kubonyeza Y au N. Anayebonyeza Y bila kuwa na ufunguo wa BitLocker anaweza kujifungia nje ya diski yake mwenyewe, na huo si ubovu wa kompyuta. Pawa saplai za zamani nazo nyingine hazivumilii kiasi kidogo sana cha umeme ambacho prosesa mpya hutumia zikiwa zimetulia, na kwenye BIOS za AMD kuna mpangilio wa Power Supply Idle Control ambao, ukiwekwa kwenye Typical Current Idle, huondoa kujizima kwa namna hiyo. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na hitisinki iliyogandamana huweza kuing'oa prosesa pamoja nayo. Pini iliyopinda inaweza kuipoteza njia moja ya RAM nzima, hivyo kiasi cha RAM kinachoonyeshwa na BIOS kisomwe kabla ya yote.

Na kuna kundi moja ambalo mpangilio wangu wa vipimo hauwafai. Wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 wanapaswa kujua kwamba mwaka 2024 Intel ilikiri kuwepo kwa tatizo la volti ya juu iliyochakaza baadhi ya prosesa hizo taratibu, ikatoa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba kupitia BIOS. Dalili mojawapo ilikuwa michezo kudai kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imejaa, ilhali kadi haikuwa na kosa. Marekebisho hayo huzuia uchakavu lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuathirika. Mwenye prosesa ya aina hiyo afungue HWiNFO, programu inayoonyesha taarifa za vifaa, kwanza na kusoma toleo la mikrokodi. Likiwa la nyuma ya 0x12B, asasishe BIOS kabla ya kupoteza usiku wake kwenye kipimo chochote. Ikiwa baada ya hapo bado inafeli CoreCycler katika mipangilio ya kiwandani, na RAM imepita Memtest86+, prosesa hiyo ni ya kudaiwa kwa dhamana, ambayo Intel iliiongezea miaka 2 kwa ajili ya tatizo hilihili.